Nani Ashike Mizani?



Sisi tunaozuru wagonjwa kwa niaba ya mtaa huu tumezoea kuulizwa maswali tusiyo na majibu yake. Mara hii twaandika habari ya swali ambalo jibu lake tulikuwa nalo, tukalificha. Mwenyewe ametupa ruhusa kuyaandika haya, ila jina lake hatutalitaja. Wengi mtamjua, nasi twaomba mkae na mnachokijua.

Mzee wetu huyo ni fundi seremala aliyeacha kazi kwa uzee. Alianza kuumwa mgongo. Akachuliwa kwa mafuta, akanunuliwa vidonge vya maumivu, akaambiwa ni baridi yabisi. Usiku alikuwa akiamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, wala hakumwambia mtu, kwa kuwa kwetu mambo ya sehemu hizo hayasemwi mbele ya watoto. Alinyamaza hivyo mpaka siku mkojo ulipofunga kabisa. Akapelekwa hospitali akiugua kwa sauti, akawekewa mpira, akapimwa damu, akatolewa kipande kidogo cha nyama ya tezi, akapigwa picha. Majibu yalipokuja daktari aliwaita wanawe wawili kwenye ujia wa wodi, akawaambia kwamba ni kansa ya tezi dume, na kwamba imekwisha kutambaa mpaka mifupani.

Vijana hao wakatujia sisi. Walituomba jambo moja tu, kwamba baba yao asijue, maana akijua atakufa kabla ya siku zake. Tukakubali. Kwa majuma matatu tuliketi kando ya kitanda chake tukizungumza habari za mvua na bei ya mahindi, na kila alipouliza tulimwambia ni uvimbe wa uzee tu, utanywea. Tulijiona watu wa huruma.

Siku moja alitutazama akasema, "Wanangu, ikiwa ni uvimbe tu, mbona watoto wangu wanagombana uani usiku?"

Na kweli walikuwa wakigombana. Kabla ya kueleza ugomvi wao, hatuna budi kueleza ugonjwa wenyewe kidogo, kwani tumegundua kwamba katika mtaa huu wengi twabishana juu ya jambo tusilolijua.

Tezi dume ni tezi ya wanaume, kiasi cha ndimu ndogo, iliyokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kwa wazee wengi huvimba bila kansa, na huo kweli ni uvimbe wa uzee. Lakini kansa yake nayo si ngeni hata kidogo. Kwa hesabu za mwaka 2022, wanaume wapatao milioni 1.47 ulimwenguni waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 397,000 walikufa kwayo. Ikigunduliwa mapema, ingali ndani ya tezi, yaweza kuondolewa kwa upasuaji au kuchomwa kwa mionzi. Ikishaingia mifupani, kwa kawaida haiondoki tena. Hapo kazi ya daktari ni kuizuia, kuilaza, kupunguza maumivu na kuongeza siku.

Njia kuu ya kuilaza ilijulikana zamani. Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba kansa hii hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikiondolewa ugonjwa hurudi nyuma. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi hiyo. Homoni hiyo hutengenezwa zaidi katika korodani, na hivyo njia ya kwanza ya kuiondoa ilikuwa kuzitoa korodani zenyewe. Vilikuwapo pia vidonge vya homoni ya kike, vya bei nafuu, lakini uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kwa dozi kubwa viliwaua wengi kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, zikaja sindano zinazouzuia ubongo usiziamrishe korodani kufanya kazi. Sindano hizo huchomwa kila mwezi au kila miezi mitatu, nazo huendelea kwa muda wote mgonjwa anaoishi, au karibu na wote.

Basi ugomvi wa uani ulikuwa huu, kisu au sindano.

Mkubwa, anayekaa Dar es Salaam, alitaka sindano. Alisema, "Baba alitusomesha kwa randa na msumeno. Leo tumhasi kama fahali kwa kuogopa gharama?" Mdogo, aliyebaki nyumbani na wazee, alitaka operesheni. Alimjibu kaka yake hivi: "Sindano ya kwanza utatuma pesa, ya pili utatuma, ya tatu utaniambia mambo yamekuwa magumu. Na mimi ndiye nitakayemtazama usoni." Tulipowasikiliza tuliona wote wawili wana haki, na hilo ndilo lililotutia taabu.

Tuseme wazi yale ambayo wanaume hawapendi kuyasema. Neno kuhasi twalitumia kwa ng'ombe na mbuzi. Mtu akilisikia likitajwa juu ya mwili wake mwenyewe, hata kama ana miaka themanini, kitu hufunga ndani yake. Twajua mtu aliyetoka kliniki akiwa amevaa kiatu kimoja, wala hakurudi. Kwa hiyo si haki kumcheka, wala kumwambia, "Umri wako huo, wahitaji nini tena?" Hakuna aliyempa msemaji huyo kazi ya kukadiria uume wa mwenziwe kwa miaka yake.

Lakini pia yapasa aambiwe ukweli mzima, kwamba sindano nayo huondoa kile kile. Maana ndiyo kazi yake. Hamu ya tendo la ndoa hupotea, nguvu hupungua, joto la ghafula hupanda mwilini kama liwapatavyo akina mama wanaokoma hedhi, misuli hulegea, mifupa huwa dhaifu, na moyo wa mtu waweza kuinama kwa huzuni. Haya huja kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa, homoni yaweza kurudi, na mtu akijitazama anaona bado yuko kamili. Kisu hakirudishi. Kwa upande wa pili, kisu ni mara moja tu. Ni operesheni ndogo, yaweza kufanywa kwa ganzi, na homoni hushuka kwa siku moja tu au karibu na hapo. Madaktari wengine huacha ganda la nje ili umbo lisipotee sana. Sindano za aina inayotumika zaidi huiamsha homoni kwa muda kabla ya kuizima, ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya kumkinga katika majuma ya kwanza. Kwa mtu ambaye kansa imeukaribia uti wa mgongo, majuma hayo yana hatari. (Hapa tukatishe maneno tuseme jambo moja. Mwenye ugonjwa huu akianza kuona miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, au haja zinamponyoka, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku ile ile, maana uti ukishabanwa muda mrefu, miguu hairudi.)

Kwa asiye na bima, jambo la fedha si dogo. Operesheni hulipiwa mara moja. Sindano ni deni linalozaliwa upya kila miezi mitatu, na mtu anayezikosa hubaki kama asiyetibiwa. Tulimzuru mwenzetu mmoja, mtu wa miaka hamsini na sita, aliyechagua sindano kwa sababu mkewe ni kijana na yeye hakuweza hata kulitaja lile neno jingine. Hatukuona kosa lake, wala hatulioni leo. Alichomwa mara tatu. Ya nne ilingoja mavuno, mavuno hayakuja, na alipokwenda tena alikuwa akibebwa. Hatusimulii habari hiyo ili kuwatisha watu waingie kwenye kisu. Twaisimulia kwa sababu hakuna aliyemwambia mwanzoni kwamba anachagua jambo la miaka. Alidhani anachagua sindano tatu.

Wako pia wenye shaka ya kidini. Mmoja wa wazee wetu alituuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyekatwa namna hiyo aweza kuendelea kusoma somo kanisani. Ni kweli kwamba Torati ilimzuia mtu wa namna hiyo asiingie katika mkutano. Lakini nabii Isaya alimfungulia mlango, na yule towashi wa Kushi, katika Matendo ya Mitume, alibatizwa njiani bila kuulizwa habari za mwili wake. Na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya kwanza kabisa, uliamua kwamba mtu aliyekatwa na waganga kwa sababu ya ugonjwa abaki katika kazi yake ya ukasisi. Jambo ambalo kanisa lilikwisha kuliamua miaka 1,700 iliyopita halipaswi kumnyima mtu usingizi leo. Wengine nao wasema aombewe tu, dawa za nini. Mfalme Hezekia aliomba mwenyewe, na nabii Isaya ndiye aliyeagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Tumalize hapo.

Turudi kwa Mzee. Alipotuuliza lile swali la ugomvi wa uani, hatukuwa na ushujaa wowote. Tulitazamana, tukasema tutarudi kesho. Jioni hiyo tuliwaendea wanawe, tukawaambia kwamba ama wamweleze wao, ama sisi tusije tena, kwa sababu uongo umetushinda. Mdogo alinyamaza. Mkubwa alikasirika, akatuambia kwamba sisi si watoto wake. Hapo alisema kweli, na neno hilo lilitukaa.

Tusiwe wepesi kuwalaumu. Kwetu mgonjwa si wa peke yake. Akilazwa mmoja, shuka hufuliwa na mwingine, uji hupikwa na mwingine, nauli hutoka kwa mwingine. Desturi ya kuwaambia jamaa kwanza haikutokana na hila. Ilitokana na kujua nani atabeba. Na wako wagonjwa wanaosema wenyewe, "Mimi nisiambiwe, mwulizeni mwanangu." Huyo naye amekwisha kuamua, kwa kuwa ameulizwa. Shida yetu ni kwamba Mzee hakuulizwa hata hilo. Tulifikiri kwa niaba yake, tukahofu kwa niaba yake, na tulikuwa karibu kumpeleka kwenye kisu akidhani anakwenda kutolewa mpira. Twaambiwa imepata kutokea, mtu akazinduka na kugundua mwenyewe kwa mkono wake. Mtu aliyetendewa hivyo atamwamini nani tena, hata akiletewa maji ya kunywa?

Hata mama, mkewe, hakuulizwa na mtu. Sisi sote, wanaume watupu, tulijadili habari za ndoa yake ya miaka arobaini na minane kana kwamba yeye hayumo. Tulipofikia kumwuliza, alicheka kidogo, akasema anachotaka ni mtu wa kunywa naye chai asubuhi. Kisha akaongeza, "Lakini mwulizeni yeye. Mimi nimemzoea kwa hali zote, yeye hajajizoea."

Wakamwambia. Sista wa kliniki alikuja akakaa chini mkekani, akamweleza taratibu, kila njia na gharama yake na taabu yake. Alimweleza hata njia zilizozidi hizo mbili, maana siku hizi zipo. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 790 ambao kansa hii ilikuwa imesambaa. Kati ya walioondolewa homoni tu, nusu walikuwa wamefariki ilipofika miezi 44. Kati ya walioongezewa dripu sita za dawa iitwayo dosetakseli tangu mwanzo, nusu walivuka miezi 57. Kadhalika vidonge viitwavyo abirateroni. Katika uchunguzi mwingine wa wagonjwa 1,199, ambao hesabu zake za mwisho zilitolewa mwaka 2019, nusu ya waliovitumia walivuka miezi 53, na wasiovitumia miezi 36. Vidonge hivyo viliingizwa mwaka huo huo wa 2019 katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kuingia katika orodha ni jambo moja, kuwa katika duka la dawa la wilaya ni jambo jingine.

Mwaka mmoja na zaidi wa kuishi si kitu cha kubeza. Katika mwaka mmoja mtu humwona mjukuu akitembea. Lakini namba hizo ni za kundi, hazimwambii mtu yeye yuko nusu ipi. Na dripu zina taabu yake. Nguvu za mwili za kupigana na maradhi hushuka, homa kidogo yaweza kuwa jambo la kufa na kupona, na mtu akaaye saa tano kutoka hospitali yampasa kuipima safari hiyo pia. Mzee aliuliza, "Miezi hiyo mnayoniongezea, nitakuwa nimekaa au nimelala?" Sista alimjibu kwamba hawezi kumwahidi, ila wengi huwa wamekaa. Tulipenda jibu hilo kuliko mengi tuliyosikia hospitalini.

Kuhusu maumivu alimweleza pia kwamba mfupa unaouma waweza kupigwa mionzi mara moja tu, na kwa maumivu mara hiyo moja hufaa karibu sawa na kwenda siku nyingi mfululizo. Kwa mtu wa mbali hiyo ni tofauti ya kurudi nyumbani au kukaa mjini kwa watu. Na iko mofini ya kunywa. Wapo wanaoiogopa wakidhani ni dawa ya kumaliza watu, au kwamba ukianza utakuwa mlevi wake. Ikitolewa na wanaoijua, kwa kipimo chake, ni dawa ya kumwezesha mtu kulala usiku. Hatuoni utakatifu wowote katika kulia usiku kucha.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akauliza nani atalipa, na mjukuu wake aliyeko chuo cha ufundi, ada yake itatoka wapi. Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi nipelekeni nikakatwe."

Mkubwa akalia, akasema, "Baba, wewe si mzigo."

Hapa ndipo palipotushinda kulala. Mtu akichagua tiba aisiyoipenda ili kuwapunguzia wengine gharama, je, amefanya jambo jema, au amefanyiwa jambo baya? Watu wawili waweza kusema maneno yale yale, mmoja kwa upendo, na mwingine kwa sababu amezisoma nyuso za waliomzunguka akajua jibu linalotakiwa. Kwa nje hawatofautiani.

Tuliporudi siku ya pili tulimwuliza tukiwa peke yetu naye: "Mzee, kama gharama isingekuwapo, ungechagua nini?"

Akasema, "Ningechagua sindano." Akanyamaza kidogo. "Lakini gharama ipo, na mjukuu yupo. Mnaniuliza habari za mtu mwingine."

Tulifikiri sana juu ya jibu hilo. Mwanzoni lilituhuzunisha, tukaona kwamba umaskini ndio uliochagua. Na kwa sehemu ni kweli. Nchi ambayo sindano ingepatikana kwa kila mtu ingekuwa na haki zaidi kuliko hii ya kwetu, na wanaogawa fedha za hospitali wasijifiche nyuma ya ushujaa wa wazee. Lakini kusema kwamba hakuchagua yeye ni kumnyang'anya tena kile tulichokuwa tumemnyang'anya kwa majuma matatu. Maisha yake yote alipima mbao kwa fedha iliyopo, akatengeneza meza kwa mti uliopo. Alikuwa baba kabla ya kuwa mgonjwa, na hakuona kwa nini ugonjwa umfukuze katika kazi hiyo.

Tukamkumbuka Barzilai Mgileadi, ambaye habari zake zimo katika Samweli wa Pili. Alikuwa na miaka themanini. Mfalme Daudi, aliyelishwa naye wakati wa dhiki, alimwalika Yerusalemu akae naye na kutunzwa. Barzilai akakataa. Hakuona faida ya karamu asizoweza kuonja wala waimbaji asioweza kuwasikia, hakutaka kumlemea mfalme, na alitaka kufa katika mji wake karibu na kaburi la wazazi wake. Akamtoa Kimhamu, kijana, aende badala yake. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa hayo. Lakini tazameni utaratibu wa mambo. Mfalme alimwalika kwanza, na alimwalika kweli, na mahali pake mezani palikuwapo. Barzilai aliukataa mlango uliokuwa wazi. Kama Daudi angevuka mto bila kumtazama, kisha mzee akasema sikutaka kwenda, tungekuwa na haki ya kuyatilia shaka maneno hayo.

Na mtoto mkubwa, tumpe haki yake, aliufungua mlango. Juma lililofuata alikuja na karatasi za mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, fedha ya sindano za mwaka mzima, akaziweka juu ya kitanda. Hakusema neno la kulaumu. Mzee alizisoma zote, maana ni mtu wa kusoma kila karatasi, akamwuliza riba ni kiasi gani. Kisha akamrudishia, akasema amefurahi sana, na kwamba operesheni iwe Alhamisi. Tangu siku ile kaka na mdogo hawakugombana tena uani. Baba yao alikuwa amezichukua hoja zao zote mbili mkononi mwake.

Tofauti na hayo, tumekumbuka nyumba nyingine tulimoingia miaka iliyopita, ambamo mgonjwa alisema, "Fanyeni mnavyoona." Wakati ule tulimsifu kwa unyenyekevu. Leo twajiuliza kama kulikuwa na mtu hata mmoja katika nyumba ile, sisi tukiwamo, aliyekuwa amemfungulia mlango wowote wa kusema jambo jingine. Huyo amekwisha kuzikwa, na hatuwezi kumwuliza.

Operesheni ya Mzee ilikwenda vizuri. Maumivu ya mgongo yalipungua kabla ya mwezi kwisha, mpira ukatolewa, akarudi karakanani, si kwa kazi nzito bali kunoa vyombo na kuwagombeza vijana. Kwa muda alikuwa mkimya kuliko desturi yake. Mkewe alituambia kwamba usiku mwingine alikaa mlangoni akifuta jasho la lile joto, hataki kusemeshwa, naye alimletea kiti kingine akakaa karibu bila kumsemesha. Hatukuona la kumshauri mama huyo.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita kipimo cha damu, kile waitacho PSA, kimeanza kupanda tena, na daktari amesema ugonjwa umejifunza kuishi bila ile homoni. Hii hutokea kwa wengi, baada ya miezi kwa wengine, na baada ya miaka kwa wengine. Njia zilizobaki ni vile vidonge, au zile dripu, au kuacha ugonjwa uende mwendo wake na kutibu maumivu tu. Sista amemweleza kwamba kuna uchunguzi mdogo wa mwaka 2018, wa wagonjwa 72, ambao robo ya dozi ya abirateroni ikinywewa pamoja na chakula ilikishusha kipimo hicho karibu sawa na dozi nzima inayonywewa bila kula, na kwamba daktari mwenyewe ndiye wa kuamua kama yafaa kwake. Mtu asijipimie nyumbani. Mzee amepiga hesabu ya robo hiyo nyuma ya kipande cha mbao.

Tulipomsomea maandishi haya alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumeandika mengi mno juu ya kisu na machache juu ya mkewe. Pia ameomba tuseme kwamba bado hajaamua, kusudi watu wasije wakampongeza kanisani. Jumanne ijayo anakwenda kliniki. Watoto wote wawili wameomba kumsindikiza, naye amewaambia mmoja atamtosha kubeba mfuko, na kwamba ndani kwa daktari ataingia na mama.